Juu ya Chai Inywewayo Chini ya Mbingu

Mwalimu mmoja wa mtaa wa mbali alitujia akiwa na picha aliyoikata katika kalenda kuukuu. Katika picha hiyo waonekana watu wa Japani wameketi bustanini, chini ya mwavuli mkubwa mwekundu. Mama mmoja amepiga magoti karibu na seredani. Wageni wake wameshika mabakuli kwa mikono miwili, kama mtu ashikavyo kifaranga. Juu yao miti imechanua. Mwalimu yule alikuwa na maswali matatu. Kwanza, je, hii ni ibada ya miungu? Pili, kama si ibada, mbona watu wazima wenye akili wapoteza nusu ya siku kwa bakuli moja la chai? La tatu alilisema kwa sauti ya chini: kama si ibada wala si upotevu, je, Mkristo naye aruhusiwa kuketi na kufurahi hivyo, hali mashamba ya Bwana yangoja wavunaji?

Tulimjibu upesi, kama ilivyo desturi ya wachungaji, naye akaenda zake. Lakini picha ilibaki mezani petu, na kwa kadiri tulivyoitazama tuliona ya kuwa tumejibu upesi mno. Ndiyo sababu twaandika.

Tuanze na jambo lenyewe, maana si vema kuhukumu tusilolijua. Wajapani wana desturi ya kale ya kumkaribisha mgeni kwa chai, waiitayo chanoyu, yaani maji ya moto ya chai. Ifanywapo nje, penye nyasi na miti, huitwa nodate. Chai yao si kama yetu. Wiki chache kabla ya kuchuma, michai hufunikwa isipate jua kali. Majani yakiisha kuchumwa hupitishwa katika mvuke, hukaushwa, kisha husagwa kwa jiwe mpaka yawe unga mwororo wa rangi ya kijani. Jiwe hilo huzungushwa polepole, na kwa saa nzima hutoa gramu 40 hivi tu. Mwenye kuandaa hutia unga kidogo bakulini, huchota maji ya moto kwa kata ya mwanzi, kisha hukoroga kwa kipande cha mwanzi kilichochanwa ncha nyingi nyembamba, mfano wa ufagio mdogo, mpaka povu litokee. Haitiwi maziwa wala sukari. Mgeni hula kwanza kitu kitamu kidogo, ndipo anywe ile chungu. (Mwalimu wetu aliposikia habari ya sukari aliwahurumia sana.)

Mwenyeji huliweka bakuli mbele ya mgeni, upande wake ulio mzuri ukimwelekea. Mgeni huinama, huliinua, huligeuza kidogo ili asitie mdomo wake penye upande ule wa heshima, hunywa, hupangusa mahali alipotia mdomo, kisha hulitazama bakuli lenyewe, jinsi lilivyofinyangwa. Hapana haraka. Habari za biashara na masengenyo ya jirani huachwa nyumbani. Wakienda nje, vyombo vyote huingia katika sanduku dogo la kuchukulika mkononi, nao huchagua hasa majira ya kuchanua micheri, mwishoni mwa Machi na katika Aprili, au mwezi wa Novemba, wakati majani ya miti mingi yageukapo mekundu. Ndiyo yote.

Basi swali la miungu. Hatutaficha ya kuwa desturi hii ilipita mikononi mwa watawa wa dini ya Buddha. Mtawa Eisai alirudi kutoka China mwaka 1191 akileta mbegu za chai, na mwaka 1211 aliandika kitabu cha kusifu chai kuwa dawa ya mwili. Watawa waliinywa wasisinzie katika sala zao. Lakini kitu kupita mkononi mwa mtu hakukifanyi kuwa mali ya mungu wake. Kama sivyo tungeweza kula nini sokoni? Mapadre Wajesuiti waliofika Japani katika karne ya 16 walilipima jambo hili mapema. Mkuu wao, Alessandro Valignano, aliagiza kwamba katika nyumba zao pawe na mahali safi pa kumpa mgeni chai kwa desturi ya nchi. Hawakuona sanamu ndani ya bakuli. Nasi, ingawa hatukufuata njia yao katika mambo mengi, katika hili twaona walihukumu vema.

Swali la pili latutaka tuingie kwanza ndani ya nyumba, ndipo tutoke tena nje. Mwalimu mkuu wa desturi hii alikuwa Sen no Rikyu, aliyezaliwa mwaka 1522 katika mji wa Sakai, mtoto wa mfanya biashara. Yeye alipenda nyumba ya chai iwe ndogo, ya udongo na miti, mfano wa kibanda cha mkulima. Na nyumba za namna yake zina mlango wa ajabu: urefu wake wapata sentimita 66 tu. Kila aingiaye hana budi kuinama na kujikokota kwa magoti. Askari mkuu mwenye panga hawezi kupita nazo. Lazima aziache nje. Akiisha kuingia, awe jumbe au mchuuzi, wote wametambaa mlango mmoja. Ndugu, kuna mahubiri marefu kuliko mlango ule yasiyofanya kazi nusu ya hiyo.

Lakini huko nje, penye nodate, mlango hakuna. Ukuta hakuna. Mtu huja amesimama wima, na hakuna kitu kimwambiacho ainame. Tena macho yake hunyakuliwa na mlima na maua, masikio yake na ndege, hata amsahau aliyemchemshia maji. Katika mafundisho yanayohesabiwa kuwa ya Rikyu imesemwa kwamba chai ya nje haina utaratibu uliokatwa tangu zamani, na kwa sababu hiyo ni ngumu kuliko ya ndani. Asiye na msingi huifanya mchezo. Sisi tuliowahi kusali chini ya mwembe kabla kanisa halijajengwa twalielewa neno hili. Chini ya mti hapana kizingiti cha kumkumbusha mtu avue kofia. Ama anayo heshima moyoni mwake, ama hanayo kabisa.

Hapo ndipo tulipoona ya kuwa swali la mwalimu wetu si dogo. Lahusu uhuru: mtu atafanya nini na furaha yake asipokuwapo wa kumwinamisha? Na kwa bahati, mambo ya mwaka mmoja katika historia ya Japani yalionyesha jambo hili wazi kuliko tuwezavyo kulieleza kwa maneno ya shule.

Mwaka huo ni 1587. Toyotomi Hideyoshi, aliyezaliwa katika nyumba ya watu wadogo akapanda mpaka kuwa mtawala wa Japani, alikuwa amekitiisha kisiwa cha Kyushu. Akapiga kambi Hakozaki, karibu na Hakata, penye misonobari ya pwani. Rikyu alikuwa pamoja naye. Yasimuliwa kwamba huko Rikyu alifunga mnyororo katika tawi la msonobari, akatundika birika, akakusanya majani makavu yaliyoanguka chini ya miti, akayawasha, akachemsha maji. Hakuwa na jiko wala makaa mazuri. Majani ya mahali palepale yalitosha. Twapenda kuifikiri picha hiyo: moshi mwembamba ukipanda kati ya mashina, bahari karibu, na mzee mmoja akitunza moto wa majani ambao ukiachwa dakika moja wazimika.

Lakini katika kambi ya Hakata, tarehe 24 Julai ya mwaka huohuo, mtawala yuleyule alitoa amri ya kuwafukuza mapadre katika nchi, akawapa siku 20. Naye alimpelekea neno Takayama Ukon, jumbe wa Akashi, ambaye alikuwa Mkristo tangu utoto wake na mmoja wa wanafunzi wakuu wa Rikyu: aiache imani, au apoteze nchi yake. Ukon alijibu kwamba imani hataiacha. Akapoteza nchi, watu wake na mapato yake kwa siku moja. (Katika kisiwa hichohicho cha Kyushu, mjini Saga, Walutheri walifanya ibada yao ya kwanza ya Japani siku ya Pasaka mwaka 1893. Twalitaja hili ili msomaji asidhani ya kuwa hadithi hii ni ya watu tusiohusiana nao.)

Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa mwezi wa kumi kwa hesabu yao ya kale, Hideyoshi alifanya karamu ya chai ambayo haijasahauliwa hata leo, katika misonobari ya hekalu la Kitano mjini Kyoto. Alibandika matangazo kabla: watu wote waje, askari, wenyeji wa mjini, wakulima, hata watumishi. Kila mtu alete birika lake, chombo chake cha kuchotea maji na cha kunywea, na mkeka wa kukalia. Asiye na mkeka mzuri alete jamvi la majani. Asiye na chai alete unga wa mchele uliokaangwa, yatosha. Hakuna aliyekatazwa kwa sababu ya umaskini. Je, si tangazo zuri? Tulipolisoma mara ya kwanza tulikumbuka mifano ya Bwana juu ya karamu.

Ila tangazo lilikuwa na mkia. Asiyekuja, likasema, tangu siku hiyo asiandae tena chai, hata ile ya unga wa mchele.

Watu walijaa msituni, kila mmoja na kibanda chake au mkeka wake. Hideyoshi mwenyewe alimimina chai kwa mkono wake. Lakini alileta pia chumba chake cha chai kilichofunikwa dhahabu, kikasimamishwa pale kati ya miti ili watu wakitazame. Palikuwapo pia mtu mmoja wa ajabu jina lake Hechikan. Yasimuliwa kwamba alikuwa na birika moja tu, asubuhi alipika uji ndani yake, akaliosha, akachemshia maji ya chai. Huyo alisimamisha mwavuli mkubwa mwekundu juu ya mkeka wake, nao ukang'aa katika jua hata Hideyoshi akageuka kumtazama, akanywa kwake, akafurahi. Wengi husema kwamba mwavuli mwekundu wa nodate, ule uliomo katika picha ya mwalimu wetu, watokana na mwavuli wa Hechikan.

Karamu iliahidiwa siku kumi. Ikavunjwa baada ya siku moja. Wengine hutaja habari za uasi katika nchi ya Higo kuwa ndiyo sababu. Mnamo mwaka 1591 Hideyoshi alimwamuru Rikyu, mwalimu wake aliyekaa naye katika mikeka ile, ajiue, naye akafa. Tarehe 5 Februari 1597, kwa amri ya Hideyoshi, Wakristo 26 walisulibiwa Nagasaki.

Msomaji ataona tulivyofikiri. Twasikia mara nyingi ikisemwa kwamba watu wakitoka nje, wakaketi majanini, tofauti za vyeo zayeyuka zenyewe. Kwamba miti na upepo vyatosha kuwafanya watu kuwa ndugu. Kitano palikuwa na miti ya kutosha. Jumbe na mkulima walikalia ardhi moja chini ya mbingu moja, lakini mmoja wao alibaki na uwezo wa kukata shingo za wengine, na hata mwaliko wake aliufunga kwa tisho. Hakuupita mlango mdogo, kwa kuwa haukuwapo; akaleta dhahabu, kwa kuwa hapakuwa na ukuta wa kuizuia.

Wazee wa kanisa letu huko Ujerumani walilishughulikia jambo lililo karibu na hili miaka kumi tu kabla ya Kitano. Katika maandiko ya mwaka 1577 yaitwayo Formula Concordiae, sehemu ya 10, walitafuta hukumu juu ya desturi za kanisa ambazo Neno la Mungu halikuziamuru wala kuzikataza. Walisema kwamba desturi za namna hiyo ni za hiari, kanisa laweza kuzishika au kuzibadili. Lakini saa ya kuikiri imani, adui akizitaka kwa nguvu, si za hiari tena, wala haifai kumwachia. Tukiruhusiwa kulipeleka neno hilo kutoka kanisani mpaka kwenye mkeka wa chai, twaona lamwelea kila mtu. Kunywa chai msituni ni kwa hiari. Aliyetaka na aende, asiyetaka abaki. Siku ile ilipoandikwa kwamba asiyekuja atanyimwa chai maisha yake yote, furaha ya Kitano ilikuwa imekwisha kufa kabla maji hayajachemka.

Na mfikirini Ukon. Huyu alikuwa ametambaa mlango mdogo mara nyingi, akautia moyoni. João Rodrigues, padre Mreno aliyeishi Japani zaidi ya miaka 30, ameandika kwamba Ukon aliiona desturi ya chai kuwa msaada mkubwa kwa mtu atakaye utulivu na mwendo mwema, naye alizoea kujitenga katika kijumba chake cha chai ili amwombe Mungu. Kwa hiyo bakuli halikumfunga. Aliweza kunywa na mtawala kama mtu huru, na mtawala alipoinyoshea mkono imani yake, aliweza kusema hapana. Mwaka 1614, akiwa mzee, alifukuzwa katika nchi, akapelekwa Manila, akafa huko mapema mwaka 1615. Kanisa la Kirumi lilimtangaza mwenye heri mjini Osaka mwaka 2017. Kwetu sisi hilo si la lazima. Mwendo wake watutosha.

Hatusemi ya kuwa desturi hii haina hatari yake. Kuna majivuno yavaayo matambara. Bakuli lifananalo na la maskini, lenye ufa, laweza kununuliwa kwa fedha kuliko shamba, na mwenye nalo akajiona mnyenyekevu. Na nusu ya siku ni nusu ya siku. Mwenye mgonjwa nyumbani asiende kutazama micheri. Haya mwalimu wetu aliyasema vizuri kuliko sisi.

Lakini swali lake la tatu hatukulijibu sawasawa, na hapa yatupasa kuungama. Sisi wachungaji tumezoea kuingia nyumbani mwa watu huku tukiitazama saa. Mama akichochea moto twamwambia asijisumbue. Chai ikija twainywa tumesimama, twatia ulimi moto, twasali maneno mawili, twaondoka. Twaiita hiyo bidii. Yule mama amebaki na kikombe kisichoisha na kiti kisichokaliwa. Hatujui ni mangapi ambayo angetuambia baada ya kikombe cha pili.

Basi, kila tuliposoma habari za Kitano, moyo ulitupeleka katika Yohana sura ya 21. Pwani, alfajiri, nje kabisa, hapana ukuta. Bwana aliyefufuka amekwisha kuwasha moto wa makaa, ameweka samaki na mkate, naye awaita wanafunzi waliochoka waje kula. Hakuwatisha. Kati yao yumo yule aliyemkana mara tatu penye moto mwingine wa makaa, katika ua wa kuhani mkuu. Yeye aliyekuwa na mamlaka yote mbinguni na duniani ndiye aliyechochea moto, akawagawia kwa mkono wake. Na kazi ya kulisha kondoo, ile kubwa ambayo kwayo twajidai hatuna nafasi ya kuketi, Bwana hakumpa Petro kabla ya kula. Alimpa walipokwisha kula.

Kwa hiyo tumemwandikia mwalimu wetu tena. Tumemwambia kwamba picha yake si ya ibada ya miungu. Kwamba nusu ya siku haikupotea kama yule mama mwenye kata ya mwanzi aliwaangalia wageni wake kuliko maua. Na kwamba Mkristo aruhusiwa kufurahi hivyo, ila aje ameinama bila kuinamishwa, tena asimlazimishe mtu. Tumemwambia pia kwamba tutakapofika mtaani kwake mwezi ujao, saa itabaki mfukoni.

Jibu lake limekuja juzi, mistari miwili tu. Asema kwamba birika lipo, mkeka upo, na mwembe wa nyuma ya shule una kivuli mpaka saa kumi. Sukari, asema, atatia.